Mtamba wa Mpira wa Pete

Nikisikia mtu anasema watu wa benki hawana utu, nachemka. Nachemka kweli. Wajukuu wangu wameshanijua, na wakitaka kunichokoza wanaanza hapo hapo: "Bibi, benki wamemnyima mtu mkopo." Basi ungo naweka chini, mtama hauchambuliwi tena siku hiyo. Nawaambia nyie hamjui kitu, kaeni chini niwaeleze. Mimi nimemwona mtu wa benki mmoja kwa macho yangu haya, na tangu hapo sijamwona binadamu mwingine wa kunifanya nisimame nimshangae namna ile.

Alikuwa Mnyiramba, mtoto wa wakulima kama sisi. Alisoma shule ya misheni, akaajiriwa ukarani wa benki mjini Singida wakati Uhuru ungali mbichi, akapanda mpaka akawa mkubwa wa tawi zima. Shati jeupe, suruali imepigwa pasi, miwani. Enzi hizo kumwona Mwafrika mwenzako amekaa kwenye kiti kile lilikuwa jambo la kwenda kuchungulia dirishani. Sikutanii! Watu walitoka kwetu, huku upande wa Ilongero, wakaenda kwa miguu mpaka mjini, hawana senti wala shida na benki, wanakwenda tu kumtazama anavyoweka sahihi. Wakirudi wanasimulia. Sisi tulimwita bwana benki, na jina hilo likamkaa.

Jumamosi mchana benki ikifungwa, yeye alivua tai, akaitia mfukoni, akapanda baiskeli. Njia yote ile ya mchanga, upepo wa kwetu unampiga usoni, mpira ndani ya wavu unaning'inia kwenye usukani, filimbi shingoni. Alikuwa anakuja kutufundisha michezo. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nyumbani wameanza kuniulizia mambo ya kuolewa, na nilikuwa nikimtazama nasema moyoni, hivi huyu mtu akili zake ziko sawasawa?

Lakini hakuanza na uwanja. Alianza na wazee. Mara ya kwanza alipofika kwa baba yangu alisema shikamoo, akaulizia mvua, akaulizia ng'ombe, akaaga. Basi. Mara ya pili alikunywa uji, akaondoka. Alipokuja tena ndipo akasema ana neno, anaomba kile kipande cha mbuga tulichokuwa tukipumzishia mifugo, vijana wachezee. Baba akampa. Siku nyingine kabisa, baada ya mavuno, akarudi akaomba kubwa zaidi: wasichana nao wacheze, mpira wa pete. Hapo mama aliuliza swali moja tu, tutavaa nini. Akajibu: "Magauni yao haya haya, mama, na khanga juu kiunoni." Mama akakubali. Baba alisema kijana yule ana adabu mpaka unaogopa.

Habari za benki kwenyewe alizieleza kwa namna yetu. Kwetu, mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Humwekesha rafiki yake mmoja au wawili, wakae kule. Anayetunza hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama wote ni wa mwenyewe. Bwana benki akawaambia wazee kwamba benki nayo ni zizi la rafiki, unawekesha chako, siku ukikitaka unakikuta kimezaa. Loh, wazee walipiga makofi. Baba alianza kupeleka vijisenti vyake mjini tangu mwaka ule.

Mashindano yake sasa! Vijiji vilikuja kutoka kila upande, na timu za mjini. Mistari ya uwanja tulichora kwa majivu ya mafigani mwetu. Pete za magoli alizifua mhunzi kutoka mikanda ya mapipa. Na saa ya bwana benki ilikuwa haina mjomba wala shangazi. Ikifika, filimbi inalia. Kuna mwaka mgeni rasmi, mkubwa wa watu, alichelewa kufika, akakuta tuko kipindi cha pili, viti vya heshima vimekaa vitupu. Sisi tulidhani bwana benki atapotea. Yeye akampelekea mgeni maji ya kunywa kwa mikono miwili, akampa pole ya safari, akarudi kupiga filimbi. Yule mkubwa akakaa, akatazama, na mwishoni akapiga makofi kuliko watu wote. Nilishika mdomo. Sikujua kama mtu anaweza kusimama wima hivyo mbele ya mkubwa bila kuwa mkorofi.

Mwaka mmoja, Azimio lilikuwa limeshatangazwa na maneno ya ujamaa yako kila mdomo, alitangaza zawadi. Wanaume wakishinda watapata kikombe. Wanawake wakishinda watapata mtamba. Watu wakacheka wakashika mbavu. Mtamba! Ng'ombe jike mzima, ambaye bado hajazaa, apewe wasichana kwa kurusha mpira? Yeye akasema kikombe kitakwenda kukaa kwenye meza ya mwenyekiti wa kijiji, lakini mtamba atazaa. Siku ya mnada akaenda akamnunua kwa mshahara wake, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji, wanaume wa vijijini kwetu wote wakimwona.

Fainali tulicheza na wasichana wa maofisini kutoka mjini. Wenzetu wana raba miguuni, sisi pekupeku. Lakini upepo wa mwezi wa saba ni wetu, hao walikuwa wamejificha nyuma ya kuta za maofisi, hawaujui. Mimi nilikuwa mfungaji. Mpira sikuulenga kwenye pete, niliulenga pembeni, upepo ukauleta. Walinzi wao walibaki wananitazama kama mchawi. Goli la mwisho lilipoingia, mama yangu alipiga kigelegele mpaka sauti ikakauka siku mbili. Bwana benki akaja na mtamba, akanipa kamba mkononi, mbele ya uwanja mzima, akasema: "Ni wenu, dada zangu. Mtunzeni na wanawe watakaokuja." Nilisikia kwa masikio yangu.

Tukamswaga mpaka nyumbani tukiimba. Baba akafungua zizi, akamwingiza, akafunga. Kesho yake akawatangazia majirani: "Bwana benki ameniwekesha ng'ombe."

Nilitaka kupasuka! Lakini baba hakuwa mwizi, na hili ndilo lililonichosha. Mtu mwaminifu kama yule usingempata. Ila kichwani mwake mwanamke ana jembe, ana chungu, ana nafaka yake, na ng'ombe ni wa mwanamume. Ng'ombe yule hakutoka kwenye mahari wala kwenye faini. Mwanamume amemnunua mnadani, ng'ombe amefika zizini kwa baba. Hilo lilikuwa na jina moja tu, kuwekesha. Na baba alifurahi mno. "Yeye anatunza vyetu kule mjini," alisema, "na sisi tunatunza chake." Kijiji kizima kikaona ni sawa kabisa. Mimi na wenzangu wa timu tukanywa maziwa, tukanyamaza.

Bwana benki alipokuja Jumamosi akasikia. Akaenda kwa baba, akasema taratibu, "Baba, ng'ombe yule ni wa mabinti." Baba akajibu, "Ndiyo mwanangu, tumesikia." Akamwonyesha jinsi alivyonenepa. Mwaka uliofuata mtamba akazaa jike, na baba akamtumia salamu na mfanyabiashara: ng'ombe wako amezaa. Akazaa tena. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari, baba alihamisha kwanza ng'ombe wa bwana benki, ndipo akaja kuchukua wake.

Kisha ndama mmoja akafa. Sasa kwetu, ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, unamchuna, unampelekea mwenyewe ngozi, ajue hukumuuza wala hukumla kwa siri. Baba akakausha ngozi, akaikunja, akaibeba begani mpaka mjini. Mimi nilifuatana naye na kuku wangu wa sokoni. Akaingia benki moja kwa moja, akaikunjua ngozi juu ya kaunta. Harufu ile! Makarani wakaziba pua, mmoja akaanza kufoka. Bwana benki akatoka ofisini. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuzama.

Hakucheka wala hakukunja uso. Alizunguka kaunta, akaja upande wetu, akasema shikamoo baba, pole sana kwa kufiwa na ndama. Akaishika ile ngozi kwa mikono yote miwili, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Siwezi kuipokea, baba. Mwenyewe huyu hapa," akasema, akaninyooshea mkono mimi. Baba alinitazama, akamtazama yeye. Tukarudi nyumbani. Jioni aliitundika ngozi ukutani, na siku nyingi baadaye nilikuwa namsikia ananung'unika peke yake, "Amekataa ngozi. Huyu mtu amekataa ngozi." Lilimsumbua, lakini hakulifikisha mwisho.

Balaa likaja na kamati ya kuhesabu mifugo ya kijiji kipya. Wakafika kwetu, wakauliza hawa ni wa nani, na hawa ni wa nani. Baba, kwa kujivuna kabisa, akasema: "Hawa wangu. Na hawa wa bwana benki wa Singida." Wakatazamana. Wakaandika, wakaondoka.

Haikupita muda tukasikia bwana benki amesimamishwa kazi. Maneno yakatapakaa: kumbe anajifanya mtu wa michezo, kumbe ana zizi vijijini, anafugiwa bure na wakulima, kupe, mnyonyaji mkubwa. Wakati ule maneno hayo hayakuwa mchezo, mtu mwenye cheo akithibitishwa ni kupe amekwisha. Angefukuzwa kazi, atolewe kwenye nyumba ya ofisi na mke na watoto, na mashindano yangekufa papo hapo. Kamati ikatangaza itakuja kusikiliza kesi kijijini kwetu, mbele ya watu wote, maana ng'ombe wako kwetu.

Nilimwendea baba kwa hasira. Nikamwambia, baba, sema kweli. Akasema, "Nimesema kweli." Nikamwambia ng'ombe ni wetu sisi tuliocheza. Akaniambia, bila ukali hata kidogo, "Mwanangu, unataka baba yako asimame mbele ya watu aseme uongo? Lini ulimwona mwanamke ana ng'ombe?" Jamani! Ningemfanya nini? Hakuwa anamchukia bwana benki, alimpenda kuliko hata mimi nilivyompenda. Usiku mzima alikuwa anajigeuza kitandani, mama aliniambia. Lakini uongo hakuuweza, na ukweli aliokuwa nao ndio ule utakaomwangamiza mtu. Nikaondoka nikalia nyuma ya ghala.

Siku ikafika. Watu walijaa pale pale uwanjani. Bwana benki akaja kwa baiskeli yake kama kawaida, shati jeupe, ila safari hii hakuna mpira. Mtu ameshitakiwa, lakini akaanza kwa mzee mkubwa kuliko wote, shikamoo, akaendelea mpaka wa mwisho, hakuruka hata mmoja. Wengine waliona aibu kuitikia. Baba aliitikia kwa sauti.

Mwenyekiti wa kamati, mtu wa haki kwa kweli, akamuuliza kama ng'ombe hawa ni wake. Akajibu, "Hapana. Ni wa wanawake waliocheza mpira wa pete." Uwanja mzima ukacheka. Hata wanakamati walicheka. Mwenyekiti akasema haya, mzee mwenye zizi asimame.

Baba akasimama. Na kabla hajafungua mdomo, bwana benki akaomba ruhusa ya kusema neno moja. Nilijua atamwomba amwokoe. Mimi ningemwomba, ningepiga magoti. Yeye akasema: "Baba, sema unachokijua. Usiseme kwa ajili yangu. Kazi nitapata nyingine, jembe nalijua." Akakaa.

Mpaka leo nikilikumbuka hilo nasisimka. Mke wake alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni. Mtu huyo angepoteza kila kitu, na alikuwa anamchunga mzee wa watu asiseme uongo!

Baba akaanza, polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani. "Mimi nilisema ni wake. Sasa nisikilizeni. Mtu akiniwekesha ng'ombe huja asubuhi na shahidi wake. Tunamtazama ng'ombe, rangi na masikio. Tunakunywa. Huyu hakuja. Ng'ombe akizaa, mwenyewe huja kumwona ndama. Huyu nilimwita, akatuma salamu kwa mabinti. Ndama alikufa, nikampelekea ngozi. Akaikataa mbele ya watu wake wa kazini. Mwenye ng'ombe hakatai ngozi, hata angekuwa tajiri wa namna gani. Basi huyu hana ng'ombe kwangu. Nilikosea."

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo ni wako wewe, mzee?"

"Wangu? Sikununua, sikulipwa mahari. Siyo wangu."

Sasa wanaume wakaelewa anakoelekea. Wakaanza kunong'ona, na mmoja akamwita kwa Kinyaturu chetu, akimwambia mzee, kaa chini, imetosha. Maana hapo baba alipofikisha maneno, bwana benki alikuwa ameshapona, baba angeweza kukaa tu, ng'ombe wakabaki bila mwenyewe na mambo yakaendelea. Baba akageuka, akamwambia, "Niache nimalize." Akawageukia tena wanakamati. "Ni wa hawa wanawake. Walicheza, wakashinda, wakapewa. Kamba alipewa mwanangu yule pale. Mimi ni mtunzaji tu."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Sisi wenyewe tulisahau. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga, akangoja, hakuna mwanamume aliyeinuka, maana kuinuka ni kusema mzee yule ni mwongo, na hilo nani angelithubutu? Akafunga kesi. Bwana benki alirudi kazini, na mashindano yakaendelea mpaka alipohamishiwa mkoa mwingine, miaka mingi baadaye.

Kilichoniingia siku ile, na ambacho wajukuu zangu sijui kama wanakipata ninapowaeleza, ni kwamba yule mtu alikuwa na miaka yote ile ya kumlazimisha baba. Ana elimu, ana cheo. Angetuma barua, angeleta kiongozi, angemdhalilisha pale pale benki na ngozi yake. Hakufanya. Alimngoja, alikuwa tayari kuangamia huku anamngoja. Mimi nisingeweza. Nasema wazi, mimi nisingeweza.

Baba hakumruhusu kuondoka jioni ile, wakalala kwetu yeye na mkewe na mtoto. Asubuhi nilikuwa napuliza moto nje, bwana benki amechuchumaa anajaza upepo baiskeli yake. Baba akafungua zizi. Kila siku akifungua huita vijana, huwapangia malisho, huondoka. Siku ile aliacha ng'ombe wake watoke, wale wengine akawazuia mlangoni kwa fimbo. Akanijia. Akasimama mbele yangu jinsi nilivyozoea kumwona amesimama mbele ya wanaume wenzake, fimbo ameishika kwa mikono miwili.

"Ng'ombe wenu," akasema, "leo niwapeleke malisho gani?"

Nilimtazama nikidhani ananicheka. Hakuwa anacheka. Pampu ya baiskeli ikawa imenyamaza, na nilipotupa jicho nikamwona bwana benki amevua miwani, anafuta macho kwa tai yake. Mama alikuwa mlangoni na kibuyu, hatikisiki. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza neno kuhusu ng'ombe tangu nizaliwe, wala mama yangu hakuwahi kuulizwa, na baba alikuwa amesimama ananingoja nijibu.

"Wapeleke bondeni, baba," nikasema. "Huku juu majani yamekwisha."

"Haya," akasema. Akawapeleka bondeni.